Padre Mvunja Fuwele: Maisha ya René Just Haüy



Wengi wetu tumewahi kufika Irente. Ni mwendo wa kilometa chache kutoka mjini Lushoto, kisha ardhi inakatika ghafla, na mbele ya miguu kuna shimo la karibu mita elfu moja hadi tambarare ya Mazinde. Anayefika pale hutazama mbali, na ni haki yake. Leo tunaomba mtazame chini, kwenye mwamba mliosimama juu yake, kwa sababu mwamba huo unatupeleka kwenye maisha ya padre mmoja tunayetaka mumfahamu.

Ukivunja kipande cha mwamba wa Usambara na kukiangalia kwa kioo cha kukuza, mara nyingi utaona kwamba si kitu kimoja. Ni mkusanyiko wa punje: nyeupe za feldispa, nyeusi za pairoksini, na nyekundu za ganeti. Kila punje ni fuwele, yaani jiwe ambalo chembe zake zimepangwa kwa safu, kama waumini katika mabenchi. Punje hizo zimekaa pamoja bila nafasi kati yao, na mipaka yake mara nyingi imenyooka na kuwa laini, kana kwamba fundi mwashi alichonga kila moja kabla ya kuipanga.

Hakuna fundi aliyezichonga. Wataalamu wa miamba wanatuambia kwamba karibu miaka milioni 640 iliyopita miamba hii ilikuwa zaidi ya kilometa 30 chini ya ardhi, katika joto la karibu nyuzi 800 za sentigredi. Haikuyeyuka yote ikawa uji. Kwa sehemu kubwa ilibaki jiwe gumu, na ndani ya ugumu ule joto la muda mrefu lilinyoosha mipaka iliyokuwa imepinda na kulainisha iliyokuwa imekwaruzika.

Jambo hilo ni la kushangaza, na aliyetufungulia mlango wa kulielewa alikuwa padre. Jina lake ni René Just Haüy. Jina la ukoo hutamkwa karibu kama A-wi.

Mtoto wa mfumaji

Alizaliwa tarehe 28 Februari 1743 katika mji mdogo wa Saint-Just, kaskazini mwa Ufaransa. Baba yake alikuwa mfumaji wa nguo, maskini, na hakuna aliyetarajia mtoto wake asome zaidi ya kufahamu kuandika jina lake. Lakini karibu na nyumbani kwao palikuwa na abasia ya watawa wa Mtakatifu Norbert, na mtoto yule alipenda kwenda kanisani kusikiliza nyimbo. Mkuu wa watawa akamwona, akamwita, akawaagiza wenzake wamfundishe. Walipoona ana akili wakamshauri mama yake ampeleke Paris.

Huko alianza kwa kuimba katika kwaya ya watoto ya kanisa moja, na baadaye akapata ufadhili katika Chuo cha Navarre. Alipomaliza akawa mwalimu. Mwaka 1770 akapadrishwa, na baadaye akahamia kufundisha katika Chuo cha Kardinali Lemoine, humo humo Paris. Maisha yake yalikuwa ya kawaida: Misa, masifu, Kilatini, madaftari ya wanafunzi ya kusahihisha. Angeweza kufa hivyo, padre mwema asiyejulikana, na isingekuwa aibu.

Chuoni alikuwa na rafiki mkubwa, Padre Lhomond, mwalimu wa sarufi aliyependa sana mimea. Haüy hakuijua mimea. Basi wakati wa likizo alirudi Saint-Just, akamwomba mtawa mmoja amfundishe, na aliporudi Paris alimshangaza rafiki yake kwa kutaja majina ya maua njiani walipokuwa wakitembea. Hakuingia katika sayansi kwa kutafuta sifa. Aliingia ili apate la kuzungumza na rafiki.

Karibu na chuo palikuwa na Bustani ya Mfalme, na humo Profesa Daubenton alikuwa akitoa masomo juu ya madini. Siku moja Haüy akaingia kusikiliza, akapenda. Lakini akabaki na swali. Ua la aina moja lina idadi ile ile ya petali, liote hapa au kule. Kwa nini basi madini ya aina moja hutokea katika maumbo mengi yasiyofanana? Kalsiti, jiwe linalotoa chokaa, huonekana mara kama mche wenye pembe sita, mara kama jino la mbwa, mara kama kisanduku kilichosukumwa kikalala upande. Je, mawe hayana sheria?

Kipande kilichoanguka

Siku moja alikuwa nyumbani kwa rafiki aliyekuwa na mkusanyiko wa madini. Akashika fuwele nzuri za kalsiti zenye umbo la mche wa pembe sita, na kwa bahati mbaya zikamponyoka zikaanguka sakafuni. Kipande kimoja kikavunjika.

Sote tumewahi kuvunja kitu katika nyumba ya watu, na tunajua aibu yake. Haüy aliinama kuokota, na alipotazama pale palipovunjika akasahau aibu. Uso uliovunjika haukuwa wa hovyo. Ulikuwa laini, unang'aa kama kioo, na umekaa katika pembe ambayo hakuitarajia. Alirudi chumbani kwake na kufanya jambo ambalo wakusanyaji wa mawe hawakulifanya: alichukua nyundo akavunja fuwele zake mwenyewe, moja baada ya nyingine. Ya mche, ya jino la mbwa, zote. Kila moja ilipozidi kuvunjwa ilifika kwenye umbo lile lile, kisanduku kilicholala upande, na pembe zake zilikuwa zile zile.

Kwa nje zilitofautiana, kwa ndani zilikuwa kitu kimoja.

Hakuwa wa kwanza kuona kwamba fuwele zina sheria. Mwaka 1669 Nikolai Steno, mwanasayansi wa Denmark ambaye baadaye alikuja kuwa askofu Mkatoliki na ambaye Papa Yohane Paulo II alimtangaza mwenye heri mwaka 1988, alikwisha kuonesha kwamba pembe kati ya nyuso za fuwele za kwatzi hazibadiliki, hata fuwele iwe kubwa au ndogo. Lakini Haüy alieleza sababu. Alisema fuwele imejengwa kwa matofali madogo mno yanayofanana, yaliyopangwa safu juu ya safu. Kila safu ikipungua kidogo kuliko ile ya chini yake, panatokea ngazi. Ngazi hizo ni ndogo kiasi kwamba jicho haliwezi kuziona, na kwa hiyo tunaona uso mlalo ulio laini.

Sisi wa Usambara tunaweza kulielewa jambo hili bila kitabu. Simama upande mmoja wa bonde utazame shamba lenye matuta ya ngazi upande wa pili. Kwa mbali ni mteremko mmoja uliolala vizuri. Ukisogea karibu ndipo unapoona tuta, ukingo, tuta, ukingo, hadi juu. Haüy alisema nyuso za fuwele ni hivyo.

Miongoni mwa kazi zake za kwanza kuchapishwa, mwaka 1782, ilikuwa ile kuhusu ganeti, punje zile zile nyekundu tulizozitaja katika miamba yetu. Mwaka 1783 akapokewa katika Akademia ya Sayansi, na mwaka 1784 akachapisha kitabu cha kueleza nadharia yake. Wakubwa wa sayansi wa wakati ule, akina Lavoisier na Laplace, walikwenda chuoni kwake wakaketi kama wanafunzi ili padre awafafanulie. Wapo pia waliomcheka. Mtaalamu mwingine wa fuwele, Romé de l'Isle, alimpachika jina la mvunja fuwele. Tumelichukua jina hilo kuwa kichwa cha makala hii, kwa sababu lililokusudiwa kuwa dhihaka limebaki kuwa sifa.

Seminari iliyogeuzwa gereza

Kisha yakaja mapinduzi. Serikali mpya ya Ufaransa iliwataka mapadre wale kiapo cha kukubali sheria iliyoliweka Kanisa chini ya dola. Haüy, mtu mpole asiyependa ugomvi, alikataa. Hakutoa hotuba. Hakuapa, basi.

Agosti 1792 walimkamata. Walivamia chumba chake, wakavuruga mawe na karatasi zake, wakampeleka pamoja na mapadre wengine katika Seminari ya Mtakatifu Firmin, iliyokuwa ya shirika la Mtakatifu Visenti wa Paulo. Tunawaomba waseminari wenzetu watulie hapa kidogo. Gereza lile lilikuwa seminari. Vyumba walimofungwa vilikuwa vyumba vya kusomea na kulala kama hivi vyetu.

Haüy akiwa kizuizini aliomba aletewe masanduku ya fuwele zake, akaanza kuzipanga upya. Wenzake walikuwa wakisali na kuungama, na yeye alisali na kuungama pamoja nao. Saa zilizobaki alirudi kwenye mawe yake.

Nje, kijana wa miaka 20 aliyekuwa mwanafunzi chuoni, Étienne Geoffroy Saint-Hilaire, alikimbia kutoka mlango hadi mlango kwa wanasayansi wenye sauti. Akapata hati ya kumwachilia mwalimu wake. Alipofika nayo gerezani ilikuwa jioni. Haüy hakuona sababu ya haraka: alitaka kupitisha usiku pale na kusikiliza Misa asubuhi. Kesho yake karibu wamtoe kwa kumburuta.

Wiki chache hazikupita. Tarehe 2 na 3 Septemba makundi ya watu wenye silaha yaliingia katika magereza ya Paris. Katika Seminari ya Mtakatifu Firmin waliuawa mapadre zaidi ya 70. Gombera wa nyumba ile, Padre Louis-Joseph François, alikuwa miongoni mwao. Mwaka 1926 Papa Pio XI aliwatangaza kuwa wenye heri, pamoja na wafiadini wengine wa siku zile. Kijana Geoffroy alirudi usiku ule na ngazi ya kupandia, akaisimamisha kwenye ukuta, na mapadre 12 wakaponea juu yake.

Tumejiuliza mara nyingi Haüy aliishije na jambo hili. Wale waliokula naye, waliosali naye masifu ya jioni, walikufa. Yeye alipona, na sababu haikuwa kwamba imani yake ilizidi ya wenzake. Alipona kwa sababu alikuwa na mwanafunzi mwenye bidii na kwa sababu alijua mawe. Hatujapewa kuingia moyoni mwake. Tunachokiona ni alichofanya baada ya hapo: aliendelea kuwa padre, na alipofungwa Lavoisier, rafiki yake, Haüy aliandika barua ya kumtetea. Mtu aliyetoka gerezani juzi aliweka jina lake kwenye karatasi kwa ajili ya mfungwa mwingine, katika siku ambazo jina kwenye karatasi liliweza kumfikisha mtu kwenye kisu. Haikusaidia. Lavoisier alikatwa kichwa mwaka 1794. Lakini barua iliandikwa.

Joto linafanya nini

Sasa turudi kwenye mwamba wetu, kwa maana tuliahidi kueleza jinsi uso uliokwaruzika unavyolainika.

Haüy mwenyewe alichunguza fuwele zilizopashwa joto. Alijua kwamba tomalini, jiwe ambalo hata katika bonde la Umba, upande wa kaskazini wa milima yetu, linachimbwa, likipashwa moto huwa na umeme na kuvuta majivu. Alionesha kwamba umeme huo unahusiana na umbo, kwa kuwa ncha mbili za fuwele hiyo hazifanani. Ni yeye pia aliyeyapa madini ya pairoksini jina lake, kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya mgeni katika moto. Aliyaona ndani ya mawe ya volkano akadhani yamo humo kwa bahati tu. Hapo alikosea. Pairoksini ni mwenyeji wa moto, na miamba ya Usambara ni ushahidi.

Waliofuata walikamilisha hesabu. Mwaka 1912 miali ya eksirei ilithibitisha kwamba ndani ya fuwele kweli kuna mpango unaojirudia, ila matofali ya Haüy sasa tunayaita makundi ya atomu. Na zile ngazi zake zipo. Chukua safaya, yaani yakuti ya buluu, iliyosuguliwa hadi ing'ae. Kwa jicho ni laini. Kwa darubini yenye nguvu sana uso wake umejaa mikwaruzo, vilima na mashimo. Ukiipasha kwa saa kadhaa kwenye joto la nyuzi 1000 au zaidi, mbali kabisa na joto la kuiyeyusha, ikatoka tanuruni na kupoa, vilima vimekwisha. Pamebaki matuta mapana yaliyo bapa, yakitenganishwa na ngazi zenye kimo cha atomu chache tu.

Inakuwaje? Atomu iliyo kileleni mwa kilima ina majirani wachache wa kuishika, na iliyo ndani ya shimo imezungukwa na kushikwa kila upande. Jiwe likiwa baridi zote zimekwama, hata zile zilizokaa vibaya. Joto linazitikisa. Zile za kileleni, zisizoshikwa sana, zinachomoka na kutembea juu ya uso, na zikifika shimoni zinapata majirani na kutulia. Hivyo polepole kilima kinashuka na shimo linajaa. Mwanasayansi wa Marekani, William Mullins, aliandika hesabu yake mwaka 1959: atomu zikitembea juu ya uso kwa namna hiyo, mkwaruzo wenye upana mara mbili unahitaji muda mara 16 ili ulainike. Mdogo hufutika mapema. Mpana unataka subira kubwa.

Ndani ya mwamba ni vivyo hivyo kwa mipaka kati ya punje na punje. Iliyopinda hunyooka, kwa kuwa atomu zilizo kwenye pindo hazijatulia. Ndiyo maana punje za miamba yetu zimekaa kama mawe ya mwashi.

Angalieni tofauti. Fundi wa vito hulainisha kwa kusugua, na kila anaposugua kuna vumbi linaloanguka. Anachopata kinakuwa kidogo kuliko alichoanza nacho. Joto halikati kitu. Atomu ni zile zile, uzito ni ule ule. Joto halileti mpango kutoka nje pia. Linazipa chembe uhuru wa kwenda mahali ambapo asili yao ilizitaka ziwe tangu mwanzo.

Tumezoea kusikia katika mahubiri kwamba majaribu ni kama moto unaosafisha dhahabu kwa kuondoa takataka. Ni mfano wa kweli na wa Maandiko. Fuwele inatuongezea mfano mwingine. Yapo malezi yasiyomwondolea mtu kitu, yanayomrudisha tu katika mpango alioumbiwa. Tena yana kipimo. Wataalamu wanatuambia kwamba joto likizidi kiwango fulani uso wa fuwele huanza tena kuwa wa hovyo, na likizidi zaidi fuwele inayeyuka. Kwa hiyo hatusemi kwamba kila moto ni mwema. Moto wa Septemba 1792 ulikuwa uovu, na wafiadini hawakuwa fuwele katika majaribio ya mtu. Tunasema tu kwamba mlezi anayedhani moto mkali zaidi hutoa padre bora zaidi hajui kazi yake.

Ndugu wawili

Haüy alikuwa na mdogo wake, Valentin, aliyezaliwa mwaka 1745. Mwaka 1771, huko Paris, Valentin aliona vipofu wamevishwa mavazi ya kuchekesha ili watu wawacheke sokoni. Jambo lile lilimchoma. Mwaka 1784 akamchukua kijana mmoja kipofu aliyekuwa akiombaomba kanisani, akamfundisha kusoma kwa vidole kwenye herufi zilizoinuliwa juu ya karatasi, na mwaka 1785 akafungua shule. Ndiyo shule ambayo baadaye aliingia mtoto aitwaye Louis Braille, aliyebuni maandishi ya nukta.

Na hapo tunarudi tena Irente. Ndugu zetu Walutheri wana shule ya watoto wasioona pale Irente, na mtoto anayepitisha kidole chake juu ya nukta anaendeleza kazi iliyoanza katika nyumba ya akina Haüy. Mmoja wa ndugu hawa alichunguza kwa nini nyuso za mawe ni laini. Mwingine alihitaji uso usio laini, kwa kuwa karatasi iliyo laini kabisa haina neno kwa kipofu. Si kila kilichoinuka ni kasoro ya kusawazishwa. Walezi na walelewa, tulikumbuke na hilo.

Ndugu hao walitengana sana. Valentin aliyakumbatia mapinduzi, akajiunga na dini mpya iliyoanzishwa ili ichukue nafasi ya Kanisa. Hebu fikirini: kaka amefungwa kwa kuwa padre asiyekula kiapo, mdogo anaimba katika ibada ya hao walioliondoa Kanisa. Baadaye mambo yalimwendea Valentin vibaya. Aliondolewa katika shule yake mwenyewe, mwaka 1806 akaenda Urusi, na aliporudi mwaka 1817 alikuwa mzee na hana kitu. Aliyempokea nyumbani ni kaka yake padre.

Wakati huo René Just hakuwa tajiri. Alikuwa amepata heshima: profesa katika jumba la makumbusho ya viumbe tangu 1802, kanoni wa heshima wa Notre-Dame, mwandishi wa kitabu kikubwa cha madini cha mwaka 1801 na wa kitabu cha fizikia alichoandika mwaka 1803 kwa ombi la Napoleoni. Lakini utawala ulipobadilika tena alinyang'anywa posho yake, akaishi kwa kubana. Hata hivyo nyumba ilitosha watu wawili. Valentin alifariki humo Machi 1822.

Mwisho wake

Tusimfanye mtakatifu kwa kalamu yetu. Alikuwa na ukaidi wake. Mwaka 1819 Mjerumani Mitscherlich alionesha kwamba madini tofauti yanaweza kuwa na umbo moja, na Haüy hakutaka kukubali hadi mwisho, maana aliyapenda mno matofali yake. Huo ni mkwaruzo mpana, na pengine miaka aliyobakiwa nayo haikuutosha.

Lakini waliomjua walisimulia pia mengine. Siku moja katika matembezi yake aliwakuta askari wawili wa zamani wakijiandaa kupigana. Akawauliza wanagombania nini, akawapatanisha, na ili awe na hakika kwamba hawatarudia ugomvi alifuatana nao hadi kilabuni wakanywa pamoja kinywaji cha amani. Padre mzee, bingwa wa Ulaya nzima katika fani yake, na nguo zake zilizopitwa na wakati, ameketi kilabuni katikati ya askari wawili.

Miezi michache baada ya kifo cha mdogo wake alianguka chumbani akavunjika mfupa wa nyonga. Akafariki Juni 1822, akiwa na miaka 79. Jina lake limeandikwa kwenye mnara wa Eiffel kati ya majina 72 ya wanasayansi na wahandisi, na kuna jiwe moja la buluu linaloitwa kwa jina lake. Hayo ni ya makumbusho. Kwetu sisi linalobaki ni kwamba aliangusha kitu cha mwenzake, akakiokota, akakitazama vizuri.

Mkifika tena Irente, okoteni kijiwe kilichovunjika. Geuzeni mwangani mwone punje zinavyong'aa moja baada ya nyingine, kila moja na uso wake. Waombeeni wafiadini wenzake watuombee, na mkumbukeni katika sala Padre René Just Haüy.